Pumzi Juu ya Mlenda

"Kuku mmoja, mlenda pakiti mbili, kitunguu saumu mpaka uchoke kumenya," alisema Bibi Dawlat kutoka dirisha la jiko lake. "Na wali wa tambi. Hakuna chakula cha wageni chepesi kuliko hicho, Bwana Rifaat. Hata mwanamume anaweza."

Madirisha ya majiko yetu yanatazamana. Kati yake kuna uwazi mwembamba unaoshuka ghorofa nne mpaka chini kwa mapaka, na kwa miaka thelathini na sita niliyokaa Tanta katika jengo hili sijaona siri iliyopita kwenye uwazi huo ikanusurika. Ukikaanga samaki ghorofa ya kwanza, wa ghorofa ya nne anakuuliza kwa nini wake anachelewa.

"Nirudie hapo kwenye mlenda," nikasema. Nilikuwa naandika nyuma ya bahasha.

"Chemsha kuku na kitunguu na iliki. Supu ikikubali, tia mlenda. Usiuache utokote! Ukitokota umekwisha, majani yanazama chini, juu unabaki na maji ya kijani kama ya mfereji. Halafu saumu iliyopondwa na giligilani kavu, kwenye samli. Ikianza wekundu, mimina yote kwa mkupuo. Na hapohapo..."

Akavuta pumzi. "Hiiih!" Kama mtu aliyevaa kiatu akakuta mjusi yumo.

"Hiyo niachie," nikasema.

"Hiyo ndiyo yenyewe! Bila shahka, hiyo pumzi ya mshtuko, mlenda hausimami. Mama yangu alivuta, bibi yangu alivuta, marehemu mkeo alivuta mpaka sisi huku tukajua tuandae sahani."

"Bibi Dawlat, mimi nimesimamia njia za reli miaka thelathini na miwili. Treni haisimami kwa kushtushwa. Inasimama kwa breki."

"Basi tia breki kwenye sufuria, tuone," akasema, akafunga dirisha.

Sikuwa na nafasi ya kubishana zaidi. Wiki mbili kabla ya hapo binti yangu wa pekee, Nagwan, alikuja kutoka Kairo bila kuniambia. Akafungua friji, akakuta kipande cha jibini na chupa ya achari. Akafungua kabati, akakuta sufuria ya mama yake imeungua kitako mpaka ukichungulia ndani unamwona mtu wa upande wa pili. Nilimwambia aliingia nyati. Zamani hadithi zangu za nyati zilikuwa zikimchekesha, hasa ya yule aliyepanda treni daraja la kwanza pale Kafr El Zayat akiwa na tikiti halali. Safari hii hakucheka. Inshirah, mama yake, alikuwa na mwaka wa pili kaburini, na mimi nilikuwa nimepungua kilo kumi na moja. Suruali zangu zilishikwa na mkanda na dua.

"Unahamia kwangu," alisema. "Chumba kipo."

Chumba nakijua. Kina cherehani, meza ya kupigia pasi, na dirisha linalotazama tangazo la saruji.

"Sitoki hapa."

"Utakufa njaa hapa, baba."

"Mimi napika kuliko mama yako."

Alifunga kabati. Hata mimi niliona kwamba nimevuka mpaka.

"Haya," akasema. "Ijumaa ya wiki ya pili naja na Shaukat na mama yake. Tupikie chakula cha jioni cha wageni, kimoja tu. Kikilika, sikusumbui tena maisha. Kisipolika, Jumamosi asubuhi nafunga nyumba hii na wewe umo ndani ya gari."

Shaukat ni mkwe wangu, mhandisi, kijana mwema anayeeleza mambo hata yasiyohitaji maelezo. Mama yake ni Hajja Fikriya. Huyo akinusa sufuria anakuambia kitunguu ulinunua kwa nani na alikupunja kiasi gani.

Basi Ijumaa hiyo nilianza kupika tangu swala ya alasiri. Sitaki kujisifu, lakini kuku alichemka kama alivyoambiwa, nikamtoa, nikampaka samli, nikamtia oveni apate rangi. Wali wa tambi ulishika chini kidogo tu, na sehemu hiyo nikaila mwenyewe nikiwa nimesimama ili kuficha ushahidi. Mlenda nilinunua wa barafu, uliokatwa tayari. Pakiti moja nikaitia kwenye supu, nyingine nikaiacha kwenye friji kwa dharura.

Jua lilipozama wakafika. Hajja Fikriya alikaa sebuleni kwenye kiti kilicho karibu na mlango wa jiko, mkoba mapajani, pua juu.

"Iliki umezidisha, mkwe," alisema kabla hata hajanisalimu sawasawa.

"Hajja, hiyo ni manukato yangu."

Nikarudi jikoni. Saumu ilikuwa inakaangika, imeanza wekundu. Ng'ambo ya uwazi, dirisha la Bibi Dawlat lilikuwa na giza. Nilimsikia Nagwan sebuleni akimweleza mkwewe habari za shule ya watoto. Nikainua kikaango kwa kitambaa, nikasogea kwenye sufuria, nikamimina yote kwa mkupuo kama nilivyoagizwa. Ikalia chaaa! Mimi sikuvuta kitu. Nilibana midomo kusudi, ili baadaye nimwambie Bibi Dawlat kwamba breki zimefanya kazi.

Nyuma yangu, kati ya friji na ukuta, mtu akavuta pumzi.

Ilikuwa fupi, imejaa, inaingia ndani moja kwa moja, na mwishoni ikatoa mluzi mdogo. Inshirah alikuwa na jino la mbele lililomeguka kwa kokwa ya aprikoti mwaka tuliooana. Kila alipovuta pumzi juu ya mlenda, mluzi huo ulipita pale kwenye pengo. Nimeusikia miaka thelathini na minne. Hakuna mwingine duniani mwenye mluzi ule.

Sikugeuka. Nilitazama sufuria. Mlenda ulikuwa umesimama: majani yote yameshikana juu, mazito, yanang'aa, hakuna hata moja lililozama. Na sebuleni Nagwan alikuwa amenyamaza katikati ya sentensi.

Nikabeba sufuria mezani. Nikapakua. Hajja Fikriya akatia kijiko, akainua, akauangalia mlenda unavyonyooka na kukatika polepole, akaonja. Akaonja tena. Akaweka kijiko chini.

"Rifaat," akasema, "umeoa?"

"Nini?"

"Nakuuliza umeoa kwa siri? Maana hiki hakupika mwanamume. Na nimesikia mwanamke jikoni."

"Mama!" akasema Shaukat.

"Usiniambie mama. Naumwa sukari, siumwi masikio. Mtu aoe, ni haki yake, lakini asimfiche mwenzake nyuma ya friji kama kreti ya soda."

Nagwan hakuwa amegusa chakula. Alikuwa ananitazama mimi, si sahani.

"Baba, nani amevuta pumzi?"

Hapo ndipo mtu kama mimi alipaswa kuwa na jibu. Nina majibu ya nyati, ya majini wa stesheni ya Damanhur, ya treni niliyoisimamisha kwa kupiga chafya. Nilitafuta kichwani, nikakuta pakavu. Nikisema kuna mwanamke, nimejiaibisha. Nikisema ni mama yake, ataniona akili zimehama na kesho nimo ndani ya gari.

"Mimi," nikasema.

"Vuta tena."

Nikavuta. Ikatoka sauti kama pampu ya msikiti maji yakikatika. Shaukat akacheka mpaka akapaliwa na tambi.

"Sikilizeni," akasema alipopona, "ni jambo dogo. Majiko yanatazamana. Sauti inatoka kwa jirani, inagonga ukuta wa uwazi, inarudi. Bibi Dawlat naye anapika mlenda, basi. Ni Ijumaa. Nusu ya Tanta inapika mlenda."

Nilitamani kumbusu. Hata Nagwan alilegeza mabega. Akachukua simu akampigia Bibi Dawlat, akaiweka katikati ya meza ili wote tusikie.

"Shangazi Dawlat, umetushtua na hiyo shahka yako!"

"Shahka ipi, mwanangu? Mimi niko Mahalla kwa dada yangu tangu mchana. Baba yako vipi, amelipua jiko?"

Nagwan akasema hapana, akashukuru, akakata. Hajja akafuta sahani yake kwa mkate, Shaukat akajipakulia tena. Kisha Hajja ndiye aliyeinuka kwanza. Akaingia jikoni na mkoba wake, akachungulia nyuma ya mlango, chini ya sinki, nyuma ya friji. Akafungua oveni.

"Mwanamke gani anaenea humo, Hajja?" nikamuuliza.

"Mwembamba," akajibu, akafunga. Halafu akanigeukia. "Una mlenda mwingine?"

"Pakiti moja."

"Na supu?"

"Ipo."

"Pika. Mbele yetu. Mimi sitoki kwenye nyumba ya watu na jambo nusu."

Tukasimama wote wanne katika jiko ambalo Inshirah alikuwa akilalamika kuwa halimtoshi hata yeye. Nikapasha supu, nikatia mlenda. Nikaponda saumu, Nagwan akiniangalia mikono. Samli ikapata moto. Shaukat alikuwa ameshika dirisha kwa ndani, amelifunga na kukaza komeo, ili, alivyosema, tuondoe uwezekano. Ikabaki sauti ya samli tu.

"Fungeni midomo," akasema Hajja. "Kila mtu aweke mkono kinywani."

Wakaweka. Mimi mikono yangu ilikuwa na kikaango, kwa hiyo nikauma mdomo. Saumu ikawa nyekundu. Nikamimina.

Chaaa!

Kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, hapakuwa na kitu. Nikaanza kufikiri kwamba tumeshindwa, na kwamba kushindwa ndiko kushinda kwangu. Ndipo pumzi ikaja. Haikutoka nyuma ya friji. Ilitoka kati yangu na Nagwan, mahali ambapo hapakuwa na mtu, usawa wa bega langu. Inshirah alikuwa mfupi. Na safari hii tuliona. Mvuke uliokuwa unapanda kutoka kwenye sufuria ulipinda, ukaacha kwenda juu, ukaenda pembeni, ukaingia pale pasipo na mtu ukapotea. Ncha ya mtandio wa Nagwan ikanyanyuka begani, ikanyooka kuelekea palepale, kama pazia linapovutwa na upepo wa mlangoni. Halafu mluzi. Halafu mtandio ukaanguka.

"Mama," akasema Nagwan. Alisema kwa sauti ya chini, ya kumwita mtu aliye karibu.

Nilichogundua wakati ule, na sikuwaambia, ni kwamba pumzi ile iliingia tu. Haikutoka. Nilisubiri itoke. Bado nilikuwa nimeshika kikaango kitupu na kitambaa kilianza kunuka moto.

Shaukat alikuwa amefungua mdomo kueleza, akaufunga. Hajja Fikriya alisoma dua, akajipulizia kifuani, akampulizia mwanawe, mimi akaniacha. Kisha akashika mkoba vizuri.

"Nagwan, uliniambia baba yako anaishi peke yake."

"Ndiyo, Hajja."

"Haishi peke yake. Na mimi siwezi kuendelea kukaa kwenye nyumba ambayo mwenyewe yupo na hajaniambia karibu. Shaukat, gari."

Walishuka wao wawili. Nagwan akabaki mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

"Twende, baba. Sasa hivi. Nguo tutarudi kuchukua."

"Tulikubaliana nini?"

"Baba, acha hayo."

"Chakula kimelika au hakikulika?"

Akageuka akatazama meza. Sahani ya Hajja ilikuwa nyeupe. Shaukat alirudia mara mbili.

"Kimelika," akasema.

"Basi."

Akafungua mkoba wake, akatoa kufuli jipya, kubwa, bado limo kwenye karatasi yake, akalishika kama hajui limefikaje mle. Akalirudisha. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa mtoto.

"Huogopi?"

"Niogope nini? Nimelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na minne. Aliyekuwa akiogopwa ni mimi."

Huo pia ulikuwa uongo, lakini aliondoka nao, na nyumba ikabaki yangu.

Siku zilizofuata nilijaribu vyakula vingine. Nilipika maharage, jiko kimya. Nilipika mayai, kimya. Biringanya nikaikaanga kwa kelele nyingi kuliko inavyohitaji, hakuna. Mlenda tu. Kwa hiyo kila Ijumaa nikawa napika mlenda, nusu pakiti, supu ya paja moja la kuku, na kila Ijumaa samli ikigusa supu pumzi inavutwa, mluzi unafuata. Nikaanza kunenepa. Bibi Dawlat alirudi kutoka Mahalla, akasikia kutoka dirishani kwake, akaangusha kijiko cha mbao mpaka chini kwa mapaka. Sasa siku za Ijumaa anapikia sebuleni, juu ya jiko dogo la gesi.

Nagwan naye akawa anapiga simu saa hiyo hiyo. Haulizi hali. Anasema tu, "Niweke, baba," nami naweka simu juu ya rafu ya viungo, namimina, anasikiliza. Baada ya mluzi nasikia analia kidogo, halafu anauliza kama nimekunywa dawa ya presha. Hatukuwahi kuzungumza vizuri hivyo mama yake akiwa hai. Habari ya Kairo haikutajwa tena, wala cherehani, wala tangazo la saruji. Nilijiona nimeshinda kabisa. Kila mtu katika jengo hili alijua Rifaat habanduki nyumbani kwake, na kwamba ana mtu wa kumtunza.

Ijumaa iliyopita alipiga, nikamweka rafuni kama kawaida. Nilikuwa na habari ya kumsimulia, ya muuza kuku aliyejaribu kuniuzia kuku mwenye miguu ya njiwa, na sikutaka kuikatisha, kwa hiyo nikamimina saumu huku naendelea kusimulia.

"...nikamwambia, huyu akiruka utampata wapi..."

Chaaa! Pumzi, na mluzi wake. Nikaendelea. Nilifika mpaka muuzaji anapoapa kwa kichwa cha mama yake, ndipo nikagundua Nagwan hacheki wala halii.

"Baba."

"Naam."

"Wamevuta wawili."

"Wa pili ni mimi," nikasema upesi.

"Wewe ulikuwa unaongea."

Kweli. Nilikuwa katikati ya neno. Nikatazama mvuke, nikaona unavyokwenda: sehemu kushoto, inaingia pasipo na mtu, sehemu kulia, inaingia pasipo na mtu. Na kule mbele, karibu na mlango, kamvuke kembamba kanaenda pia, kanavutwa kidogo kidogo, kama na mtu anayeona haya.

"Watatu," nikasema.

"Toka humo, baba. Toka. Namwambia Shaukat atie mafuta gari."

"Tulia, mwanangu. Mama yako amealika watu."

"Watu gani?"

"Sijui. Hakuniambia. Hajawahi kuniambia, alikuwa anaalika tu, mimi nakuja kukuta viatu mlangoni."

Nikamwambia nitampigia baadaye. Alikuwa bado ananiita nilipokata. Mtu akialikwa nyumbani kwako bila wewe kujulishwa, unampakulia kwanza, mengine baadaye, hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nikazima moto. Nikatoa sahani, nikafunua wali. Nusu pakiti kwa watu wanne haitoshi, lakini nikagawa. Kwenye meza ndogo ya jikoni kuna viti vinne. Nikafuta mikono, nikajinyoosha kama mwenye nyumba, nikasema kwa sauti ya kusikika:

"Karibuni sana. Kaeni, mko kwenu."

Viti vitatu havikusogea, kana kwamba wenyewe walikuwa wameshakaa. Kimoja kikavutwa nyuma taratibu, kwa adabu, kama anavyovutiwa kiti mgeni aliyefika. Kilikuwa changu.